Vifuniko vya HDPE: vya bluu vinapinda, vyeupe vimenyooka, moldi ni ile ile

Fundi_Moldi
Wakuu, naomba msaada. Tunatoa vifuniko vya ndoo vya HDPE (polithini ya densiti kubwa): kipenyo 280 mm, unene 1.8 mm, geti (tundu la kuingizia plastiki kwenye moldi) moja katikati. Joto la plastiki iliyoyeyuka ni 220 °C, maji ya moldi 20 °C pande zote mbili, shinikizo la kushikilia (la kuendelea kusukuma plastiki moldi ikishajaa) sekunde 4, kupoza sekunde 14. Vyeupe vinakaa bapa. Tukiweka mastabachi (punje zenye rangi iliyokolezwa) ya bluu, 2% ile ile, bila kugusa kitu kingine, vinatoka vizuri, lakini kesho yake ukingo umepanda pande mbili na kushuka pande mbili, kama tandiko la farasi. Tumeongeza kupoza hadi sekunde 20 na bado vinapinda. Tatizo ni resini, moldi au rangi?

Resini_na_Fuwele
Ni rangi, mkuu. Bluu na kijani nyingi za plastiki hutokana na thalosianini ya shaba, na chembe zake ni viini vizuri mno vya kuanzishia fuwele (sehemu ambazo molekuli zimejipanga kwa mpangilio) za polithini. Hata chini ya 0.1% ya pigmenti inatosha. Titani dioksidi iliyo kwenye nyeupe haina nguvu hiyo.

Fuwele za HDPE zina densiti ya karibu 1.00 g/cm³, na sehemu isiyo na mpangilio karibu 0.855. Ndiyo maana HDPE husinyaa 1.5 hadi 3%, wakati polistirini, isiyojenga fuwele, husinyaa karibu 0.5% tu. Sasa, viini vikiwa vingi, fuwele huanza mapema, plastiki ikiwa bado na joto zaidi na molekuli zikiwa bado zimenyooshwa kufuata mtiririko. Zinakosa muda wa kulegea, zinagandishwa hivyo hivyo. Kipande basi husinyaa zaidi kwa urefu wa mtiririko kuliko kwa kuukata.

Kwenye kifuniko chako mtiririko unatoka katikati kwenda ukingoni. Nusu kipenyo inapungua sana, mzingo unapungua kidogo, kwa hiyo mzingo unakuwa mrefu kuliko nafasi uliyobakiwa nayo. Hauna budi kupanda na kushuka. Ingekuwa kinyume, mzingo usinyae zaidi, ungepata kuba. Umbo la mpindo lenyewe linakuambia chanzo, liangalie kabla ya kugusa mashine.

Kuthibitisha: piga vipande 20 vya resini tupu, 20 vyeupe, kisha 20 vya bluu, mpangilio ule ule. Anza na resini tupu, na silinda iwe imesafishwa mpaka bluu iishe kabisa, maana mabaki kidogo yanaendelea kufanya kazi ya kiini. Vilaze juu ya kioo, pima pengo la ukingo kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) baada ya saa 1 na baada ya saa 48. Dondosha pia vichache vikiwa vimepozwa kwenye friza. Vya bluu vikipasuka, ufa kwa kawaida hutoka getini moja kwa moja hadi ukingoni.

SetaMashine
Naongezea upande wa mashine. Pandisha joto la plastiki kwa hatua ya 10 °C, 220, 230, 240, molekuli zipate nafasi ya kulegea.

Halafu hizo sekunde 4 zimepatikanaje? Jaribu 2, 3, 4 hadi 8, ukipunguza kupoza kwa kiasi hicho hicho ili mzunguko usibadilike. Pima uzito wa vipande vitano kila hatua. Uzito unapoacha kupanda, geti limeganda. Weka sekunde 1 zaidi ya hapo. Geti lisipoganda, plastiki hurudi nyuma na sehemu ya katikati husinyaa zaidi, jambo linalozidisha tandiko. Kwa sababu hiyo hiyo, kupandisha shinikizo la kushikilia kidogo hupunguza tandiko. Ukizidisha utaangukia kwenye kuba.

Kupoza zaidi hakutakusaidia sana. Sehemu isiyo na fuwele ya HDPE hukakamaa kabisa kwenye joto la chini ya −100 °C, kwa hiyo kwenye joto la kawaida molekuli bado zinasogea na fuwele zinaendelea kukua hadi kesho. Kubana vifuniko kwenye jigi (fremu ya kuvishikilia vikipoa) nako ni kuahirisha tu: vikikutana na maji ya moto, mkazo uliofichwa unavirudisha kwenye mpindo.

Fundi_Moldi
Nimeelewa, asanteni. Lakini mteja anataka bluu ile ile.

Resini_na_Fuwele
Muulize msambazaji wa mastabachi kama ana thalosianini iliyofunikwa usoni isianzishe fuwele, na umwambie wazi kwamba ni ya HDPE na vipande ni bapa. Altramarini, pigmenti nyingine ya bluu, nayo haipindishi, ila nguvu yake ya kutia rangi ni ndogo, utaihitaji nyingi zaidi, na asidi huiharibu. Ndoo ikibeba kitu cha asidi, iache.

Kama mna rangi nyingi kwenye moldi moja, mimi ningechagua kuweka kianzisha-fuwele chenye nguvu kwenye rangi zote, nyeupe ikiwemo. Zote zitasinyaa karibu sawa. Kipimo cha nyeupe nacho kitabadilika, kwa hiyo kagua inavyobana mdomo wa ndoo baada ya saa 48 kabla hamjaruhusu uzalishaji.

Mwanafunzi_Polima
Na polipropilini je?

SetaMashine
Nayo huathirika vile vile. Ukihamisha rangi ya bluu kwenda moldi ya polipropilini, fanya jaribio lile lile la vipande 20.