Kuvu yenye njaa, mbona inatengeneza protini zaidi?

Mwanamaabara: Wakuu, nimekuza kuvu ya blasti ya mpunga, Magnaporthe oryzae, kwenye chupa mbili: moja ina naitrati (chakula chake cha naitrojeni), nyingine haina. Nimepitisha majimaji ya nje kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, ndogo zikishuka chini. Iliyo na njaa ina mistari mizito kuliko iliyoshiba, na tone lake limetoboa duara angavu, lisilo na weupe wa maziwa, kwenye agari ya maziwa. Si ingebana matumizi?

Mzee wa Jeli: Inabana, ila ndani. TOR, protini inayoamuru seli ikue chakula kikiwepo, ikinyamaza, utengenezaji wa ribosomu (viwanda vya protini) hushuka, na otofajia, yaani seli kujila yenyewe, humeng'enya protini kuukuu ili amino asidi zitumike upya. Nje inatuma protiasi, vimeng'enya vinavyokata protini, kutafuta chakula. Ndizo zilizotoboa maziwa yako. Nut1, protini inayodhibiti jeni, nayo huwasha jeni za kula vyanzo vingine vya naitrojeni.

Hifa: Angalia pia chini kabisa ya jeli. MPG1, haidrofobini (protini inayokataa maji) ndogo inayoisaidia kuvu kushika jani, jeni yake huwaka sana njaa ya naitrojeni au kaboni ikiingia. Ila chupa si jani, usichanganye.

Mwanamaabara: Chini kabisa? Kulikuwa na kimstari, nikakiita uchafu. Nimeshakikata na kukitupa jamani!