Mrejesho: kofia ya kuchezea easofti

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nivae nini kichwani nikicheza easofti (mchezo wa kulengana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha virisasi vya plastiki) hapa Uingereza, kofia ngumu au ya kitambaa. Asanteni sana, nimeshajaribu Jumapili mbili.

Nilianza na helmeti nyepesi ya plastiki. Kinga ni nzuri, hasa ndani ya majengo ambako unagonga kichwa kwenye vizingiti kila saa. Lakini mchana shingo ilichoka, na jasho likanipandishia ukungu kwenye miwani ya kukinga macho. Hapo ndipo hatari ilipo: miwani ikiziba unashawishika kuivua uwanjani, na kile kirisasi cha milimita 6 kinatosha kukupofusha. Msiivue kamwe. Tokeni kwanza.

Sasa msituni navaa kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana, na chini yake kitambaa chepesi kinachofunika masikio, maana sikio likipigwa linauma kweli. Miwani ni ya kiwango cha EN 166 (kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho), yenye mkanda unaozunguka kichwa. Mdomoni barakoa ya wavu wa chuma, kulinda meno. Helmeti nimeibakiza kwa michezo ya ndani.

Aliyenishauri nijaribu kofia na miwani pamoja dukani kabla ya kulipa, Mungu akubariki.