Wauzaji wa "mitetea" acheni kutuuzia majogoo, mnajua kabisa mnachofanya

Wakuu leo nina hasira na sizifichi. Hivi nyie mnaouza kuku wa miezi miwili mitatu mtaacha lini kuandika "mitetea inakaribia kutaga", halafu mtu akishawafuga kidogo tu banda zima linawika? Mama yangu mdogo alitaka mayai basi, ya watoto na mengine ya kupeleka dukani, akalipa bei ya mitetea ambayo kila mtu anajua iko juu kuliko ya mchanganyiko wa majike na majogoo, kuku wakaletwa kwenye tenga usiku, na zaidi ya nusu ni majogoo. Kumpigia jamaa aliyemuuzia anajibu eti "mama kuku wakiwa wadogo hawajulikani, hiyo bahati tu". Sasa hivi hapokei kabisa.

Bahati gani? Kifaranga wa kienyeji wa siku moja nakubali, hapo simlaumu mtu, maana kumjua mpaka umkamue kinyesi umfungue kwa nyuma uangalie kijinyama kidogo sana, ufundi ambao Wajapani waliugundua miaka ya 1920 na watu wanausomea mpaka leo. Lakini kuku wa wiki nane mpaka kumi na mbili! Waweke pamoja wa umri mmoja na mbegu moja uwaangalie. Pora, yaani jogoo mchanga, upanga wake wa kichwani umeshakuwa mkubwa na mwekundu, na ndevu za chini ya mdomo hivyohivyo, wakati tetea bado ana kijiupanga kidogo kimepauka na hakitawiva mpaka akaribie kutaga. Miguu ya pora minene, anasimama wima kifua mbele. Na ukitaka uhakika shika manyoya ya kiunoni pale mkia unapoanzia, kuanzia wiki ya kumi hivi jogoo anaota manyoya membamba yenye ncha kali yanayong'aa na kuning'inia pembeni, na ya shingoni yanachongoka vilevile, jike yake yanabaki ya duara. Upanga peke yake unaweza kukudanganya, mbegu ya Kuchi kwa mfano hata jogoo wake ana upanga mdogo, ila manyoya ya kiunoni mfugaji wa kila siku hawezi kuniambia hayaoni. Yule jamaa anafuga miaka yote, aliyaona, ndo maana akaleta usiku.

Halafu kuna hawa wanaouza vifaranga kwa rangi, "chukua wekundu wote majike". Huo ukweli mnauiba kwa kuku wa mayai wa kampuni, ambao baba ni mwekundu na mama amebeba weupe, na kuku jike ule weupe anawapa watoto wa kiume tu, ndo maana madume yanatoka meupe na majike mekundu. Inafanya kazi kizazi cha kwanza tu! Ukichukua wale watoto ukawapandisha wenyewe kwa wenyewe ukaweka mayai kwenye mashine, rangi zinachanganyika na haikuambii kitu tena. Na ya kuangalia mabawa ni hivyohivyo, ni ya vifaranga wa siku za mwanzo ambao wazazi wao wamepangwa makusudi, sio kienyeji wa mtaani. Ya yai refu jogoo yai duara jike, na ya kumning'iniza kifaranga miguu juu, hizo ni uongo mtupu, acheni kuzitumia kuwatoza watu hela.

Hasara yenyewe mnaiona ndogo? Mama mdogo ameambiwa wanakaribia kutaga, kwa hiyo akaanza kuwapa chakula cha mayai, ghali, na kile chokaa yake ni nyingi, kuku ambaye hatagi akilishwa muda mrefu kinamuumiza figo. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi, yeye ana majogoo mengi kuliko majike, yanapigana mpaka damu na yale majike machache yamenyofolewa manyoya mgongoni wazi. Jirani naye analalamika kelele za alfajiri.

Mtu asije hapa kusema "si atauza sikukuu". Hakuomba biashara ya majogoo, alilipia mayai.

Kama kweli hujui jinsia andika MCHANGANYIKO na uuze bei ya mchanganyiko. Ukiandika mitetea basi subiri wafike wiki ya kumi na mbili, leta mchana, muache mnunuzi amshike mmoja mmoja, na akiwika mmoja unambadilishia bila kelele. Na nyie wanunuzi, akileta usiku kwenye tenga limefungwa kamba, arudi nao, msitoe hata mia.