Tupeane uzoefu: Dawa za kupaka zenye steroidi zimewafanya nini mbwa wenu?

Wakuu, habari zenu. Tuliofuga mbwa wenye shida za ngozi, tuelezane tuliyoyaona kwa macho baada ya kutumia krimu, losheni, spreyi au matone ya masikio yenye steroidi, yaani dawa za kutuliza mwasho na uvimbe. Dawa hizi sizipingi hata kidogo. Mbwa aliyekesha akijikuna hupata usingizi, na mwenye mbwa naye analala. Ila wengi tunadhani kinachopakwa juu kinabaki juu, na sivyo.

Naanza mimi. Jike langu ana mzio, akaandikiwa krimu ya betamethasoni (steroidi kali) ya kupaka tumboni na kwapani. Mwasho ulikata upesi. Baadaye nikaona anamaliza bakuli la maji kisha analilamba likiwa tupu, na akaanza kukojoa ndani, kitu ambacho hakuwa nacho. Nikamgeuza tumbo: ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa inaonekana, vidoti vyeusi vimetapakaa kwenye vinyweleo. Daktari akanieleza kwamba krimu kali ikipakwa kwa muda mrefu mahali penye ngozi laini hupenya hadi kwenye damu, na anachokilamba kinaingia kwa mdomo. Hakuikatisha ghafla. Aliipunguza polepole, kwa sababu mwili ukilishwa steroidi kutoka nje, tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, hupunguza kutengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Kiu ilipungua kwanza. Ngozi ilichelewa sana kurudi, na manyoya ya hapo bado ni haba.

MamaSimba: Pole sana, ndugu. Wangu ilikuwa matone ya masikio tu, na sikufikiria kabisa kwamba yanaweza kufika mwilini. Akawa anahema hata akiwa kivulini, njaa haishi, tumbo likaanza kuning'inia. Kipimo cha damu kikaonyesha tezi za adrenali zimelala.

Kaka wa Mbwa Wawili: Yangu ni tofauti. Mtoto wa mbwa alikuwa na mabaka usoni yasiyo na manyoya, muuza dawa akatoa krimu ya steroidi bila kipimo chochote. Wekundu ukapoa siku chache, halafu mabaka yakaenea hadi miguuni. Daktari alikwangua ngozi, akaweka kwenye hadubini: utitiri. Steroidi ilikuwa inashusha kinga ya ngozi huku wadudu wakizaliana. Choa nacho huenda hivyohivyo. Jamani, ngozi ikwanguliwe kwanza, dawa ifuate.

Nuru: Nyongeza kwa wafugaji ambao wenyewe wana pumu ya ngozi. Mbwa wangu alikuwa akinilamba mikono kila nikishapaka krimu yangu. Sasa navaa mikono mirefu mpaka ikauke. Tena kuna krimu za soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa watu) zenye betamethasoni pamoja na kalsipotrioli. Hiyo ya pili ni sumu kali kwa mbwa, hata kwa kiasi kidogo: hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuharibu figo. Akilamba au akitafuna tyubu, kimbieni kwa daktari, msisubiri dalili.

MamaSimba: Na macho! Matone ya steroidi kwenye jicho lenye kidonda yanaweza kulitoboa. Jicho jekundu lipimwe kwanza kwa ile rangi ya kijani inayoonyesha kama kuna kidonda.

Kijana wa Mlimani: Mimi naendelea vizuri na spreyi ya haidrokotisoni aseponati, nayo ni steroidi. Imeundwa ivunjikie ndani ya ngozi, hivyo inayoingia kwenye damu ni kidogo. Navaa glavu, kisha namtembeza au namlisha ili asilambe wakati inakauka. Swali: nikiona kiu imezidi, niache hapohapo?

Mwanzisha mada: Usiache kimyakimya, mkuu. Piga simu kwa daktari siku hiyohiyo, mwambie jina la dawa, unapaka wapi na tangu lini, yeye ndiye apange namna ya kushuka. Na kama dawa imeshakatwa kisha mbwa akalegea, akatapika au kukataa chakula, mpeleke mara moja na uwaambie alikuwa kwenye steroidi.