Amefuta faili langu la pytest, kisha akanisomea "sifuri" mbele ya wageni

Fundi wa Malindi (mfungua uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaandika nikiwa bado sijavua viatu, kwa sababu nikivua viatu nitakaa, na nikikaa nitalia. Sina haja ya kumtaja, kwani nyote mnamjua: ni yule yule anayevaa miwani ya jua ndani ya ofisi, anayemwita kila mtu "kijana" hata aliyemzidi umri, na ambaye tangu Django, ile zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python, ilipotolewa hadharani mwaka 2005 hajaandika jaribio hata moja la kukagua programu kwa mkono wake. Leo amenisomea sifuri. Mbele ya wageni waliotoka Pemba na boti ya asubuhi, wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi, amenisomea sifuri!

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiiunganisha pytest, chombo cha kuendesha majaribio ya programu, na mfumo wetu wa tiketi za boti za Malindi ya Unguja na Mkoani ya Pemba, ambao umejengwa kwa Django. Anayeifahamu kazi hii anajua kwamba Django, unapoanzisha programu mpya ndani ya mradi, hukuwekea faili linaloitwa tests.py, ilhali pytest isipopewa maelekezo hutafuta mafaili ambayo majina yake yanaanza na test_ au yanamalizikia na _test, kwa hiyo hulipita tests.py kama daladala iliyojaa inavyokipita kituo. Ndiyo maana niliandika pytest.ini yenye mistari mitatu tu: wa kwanza ni kichwa, wa pili ni DJANGO_SETTINGS_MODULE unaoonyesha mipangilio ya mradi iko wapi, na wa tatu ni python_files unaoiambia pytest kwamba tests.py nayo ihesabiwe.

Bwana huyu asubuhi amelifuta faili hilo kwa madai kwamba "linachafua mradi". Hakuniuliza. Ilipofika saa nne, wageni wameketi, akaiendesha pytest mwenyewe, skrini ikaandika kwamba hakuna jaribio lililokusanywa, akaugeuza uso wa kompyuta kuwaelekea wao, akasema polepole, kama anayehutubia uwanja wa Amani: "Wiki tatu za mshahara, na matokeo yake ni sifuri."

Wallahi sifuri ile ilikuwa kubwa kuliko Beit el Ajaib. Nadhani hata wavuvi wa Mkokotoni wameisikia.

Na majaribio yapo, ndugu zangu! Yapo 214. Moja kati yake ndilo lililogundua kwamba mtu akikata tiketi saa nane usiku anaandikiwa tarehe ya jana, kwa kuwa aliyeandika sehemu hiyo (na mnamjua ni nani) alitumia timezone.now().date(), ambayo hutoa tarehe ya UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake, badala ya timezone.localdate(). Fikirieni mama aliyebeba mtoto na mabegi, anafika bandarini alfajiri na kuambiwa tiketi yake imekwisha muda kabla hajaamka. Kosa hilo limenaswa na hiyo anayoiita sifuri.

Nililirudisha faili kutoka Git, inayotutunzia matoleo ya zamani ya mafaili, nikaendesha upya, na vile vitone vya kijani vikaanza kujipanga kwenye skrini kimoja kimoja, kama sisimizi wanaoifuata sukari, mpaka vikatimia 214. Nilipoinua kichwa, wageni walikuwa wameshateremka ngazi, na walichoondoka nacho ni neno "sifuri".

Bi Karafuu

Pole sana kaka yangu. Huyo bwana ni yule yule aliyewahi kuniambia kwamba majaribio ni kazi ya mtu asiyejiamini. Kunifokea faraghani ningemsamehe, lakini kumvunjia mtu heshima mbele ya wageni si tabia ya watu wetu.

Mwana wa Wete

Mimi nitasema ukweli hata kama utaudhi. Wiki tatu kwa mistari mitatu ni wiki moja kwa kila mstari, na kwa mwendo huo mfumo wenu mzima utakamilika wajukuu zetu wakiwa wamestaafu. Isitoshe, ungeyabadilisha majina ya mafaili yakaanza na test_, mstari wa tatu usingehitajika kabisa, na hayo mengine ungeyaandika ndani ya pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi mzima wa Python, ambayo pytest inaikubali tangu toleo la 6.0 la mwaka 2020. Faili hilo asingethubutu kulifuta.

Fundi wa Malindi

Bwana wa Wete, hata ningeyabadilisha majina, bila ule mstari wa pili majaribio yote yangeanguka kwa kosa la mipangilio kutowekwa. Na wiki tatu sikuzimaliza kwenye mistari mitatu, nimezimaliza kwenye majaribio 214! Lakini hayo si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba aliugeuza uso wa kompyuta kwa mikono yake miwili, akasema sifuri.

Kijana wa Chake

Wewe angalau umetukanwa na mtu. Mimi hutukanwa na maktaba yenyewe kila siku. Kila nikiandika jaribio jipya, pytest-django, maktaba ya programu inayoiunganisha pytest na Django, hunikatalia kuigusa hifadhidata mpaka niliwekee jaribio alama ya django_db, na nikiiweka, kila kilichoandikwa hufutwa jaribio linapomalizika kwa sababu limefungwa ndani ya muamala (kundi la mabadiliko ya hifadhidata yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) unaorudishwa nyuma. Nilipoteza jioni mbili nikisubiri barua pepe ya uthibitisho itumwe baada ya muamala kukamilika, na muamala wenyewe haukamiliki kamwe!

Bi Karafuu

Kijana, hapo unatakiwa kutumia django_capture_on_commit_callbacks, ambayo huyanasa yaliyopangwa kufanyika baada ya muamala na kuyatekeleza ukiiambia ifanye hivyo. Ukiweka transaction=True pia itafanya kazi, lakini baada ya jaribio majedwali yote husafishwa, na kwa mradi mkubwa utachemsha chai, utainywa, na utaosha vikombe kabla majaribio hayajaisha.

Mzee wa Rails

Nyinyi mna raha na hamjui. Sisi wa Rails, zana kama Django lakini ya lugha ya Ruby, kabla ya toleo la 5.1 la mwaka 2017, tulipoendesha kivinjari kwa Capybara, chombo kinachomwigiza mtumiaji wa tovuti, seva ilikuwa na muunganisho wake wa hifadhidata na jaribio lilikuwa na wake, kwa hiyo mteja niliyemsajili ndani ya muamala upande huu hakuonekana upande wa pili. Tukalazimika kuingiza database_cleaner, maktaba ya kusafisha hifadhidata, na kufuta majedwali kila mara. Nimezeeka humo. Mvi hizi si za umri.

Fundi wa Malindi

Jamani, naomba turudi kwenye sifuri. Wageni wale wanarudi Alkhamisi, nami sijui nitawatazama vipi usoni.

Mwana wa Wete

Mzee, hilo la kwenu lina nafuu. Mimi nimeongeza safu mpya ya namba ya kiti kwenye jedwali la abiria, uhamishaji wa hifadhidata (migration, yaani kuubadilisha muundo wake) umepita salama, lakini majaribio yote yanalia kwamba safu hiyo haipo. Nimefuta, nimeandika upya, nimewasha na kuzima kompyuta, na hasira niliyo nayo inatosha kuikausha bahari ya Nungwi.

Bi Karafuu

Unaendesha kwa --reuse-db, sivyo? Hiyo huihifadhi hifadhidata ya majaribio, ile yenye jina linaloanza na test_, ili isijengwe upya kila mara, kwa hiyo mabadiliko yako hayakuingia humo. Endesha mara moja ukiongeza --create-db.

Kijana wa Chake

Mimi pia niliwahi kupoteza siku nzima kwa hilo, na hakuna aliyenionya.

Mwana wa Wete

Imekubali! Yote yamepita. Allah akulipe kheri, dada yangu. Sasa nielezeni, kwa nini yanachukua dakika kumi na moja?