Tupeane uzoefu: Subaru Legacy B4 turbo ya mtumba, modifikesheni ya kwanza iwe ipi?

B4_Kigamboni
Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wenye Legacy B4 2.0GT zenye namba ya bodi BL5, zile za 2003 hadi 2009, na wanaopanga kununua. Gari iliyo mezani ni ya 2007, otomatiki ya gia tano, nguvu za farasi 260 ilipotoka kiwandani, odometa 138,000, haijaguswa. Bajeti inatosha kitu kimoja au viwili kwa mkupuo. Ombi ni moja: taja kifaa, saizi, hatua, na kinachoharibika. Hadithi za "yangu inaiacha V8 barabara ya Bagamoyo" zipelekwe uzi mwingine.

PistoniNne
Kwa kilomita hizo usinunue chochote cha kuongeza nguvu kabla hujajua umri wa mkanda wa taimingi. Ratiba ya Japan ni kilomita 100,000. Kama hakuna stika wala risiti, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo unatafuta injini nyingine. Badili seti nzima: mkanda, tenshena, roli zote na wota pampu. Mara nyingi mkanda wenyewe hauna kosa, ni roli iliyokauka grisi au tenshena iliyovuja ndiyo inauangusha.

Fundi akiwa humo humo, afungue bolti zenye tundu zinazopitisha oili kwenda AVCS (mfumo wa kubadili taimingi ya valvu) na kwenda turbo. Ndani kuna vichujio vidogo vya wavu. Oili iliyochelewa kumwagwa huviziba, turbo inakaukiwa, shafti inachezacheza hadi inakatika, chuma kinaingia kwenye sampo, na baada ya hapo injini inanoki. Safisha au badili, weka washa mpya kila upande wa bolti. Oili ya 5W-30 au 5W-40 sintetiki, kila kilomita 5,000, na stiki ya kupimia oili ivutwe kila wiki, kwa sababu hizi injini hunywa oili bila kutoa moshi wa kukushtua.

Kisha kompresheni. Injini ya moto, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, pedali chini kabisa. Usawa wa bahari tarajia psi 140 hadi 170. Nairobi itasoma takriban asilimia 20 chini ya hapo, usimfokee muuzaji. Cha kukukimbiza ni tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya silinda na silinda.

Plagi mpya za iridiamu, pengo milimita 0.7 hadi 0.8. Pengo likizidi, busti (shinikizo la hewa ya turbo) inazima cheche na gari linakata kuanzia rpm 4,000 kwenda juu. Wengi hapo hukimbilia kununua koili.

Gia_ya_Tatu
Naongeza oili ya gia boksi. Kumwaga mara moja kunatoa chini ya nusu, iliyobaki imekaa kwenye toku konveta. Mwaga, jaza, endesha, rudia mara tatu. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si "ATF yoyote nyekundu". Na kabla hujanunua kile kiboksi cha kuifanya pedali ya mafuta iitike haraka, gari la 2007 lina SI-Drive, swichi ya kuchagua ukali wa injini: zungusha hadi S#, ile kali kuliko zote, kwanza. Pesa nyingi zimeshatupwa kutafuta kitu ambacho swichi yake iko karibu na gia.

KontroliBoksi
Kuna wanaosema usiguse nguvu mwaka mzima; mimi napingana nao kidogo. Gari likishapita vipimo vya PistoniNne, modifikesheni ya kwanza yenye faida ni kutyuni kontroli boksi (kompyuta ya injini) bila kubadili chuma chochote. Sababu ni mafuta. Ramani ya kiwandani iliandikwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japan, ambayo kiwango chake kinaanzia RON (kipimo cha oktani) 96 na vituo vingi huuza karibu na 100. Sisi tunajaza kati ya 91 na 95. Kontroli boksi inasikia injini ikigonga, inarudisha taimingi ya cheche nyuma, na ile 260 uliyolipia huipati.

Namna ya kujua: waya wa Tactrix OpenPort 2.0 wa kuunganisha gari na laptopu, na programu ya RomRaider, ambayo ni ya bure. Tafuta barabara tupu, weka gia ya tatu kwa mkono, kanyaga hadi mwisho kuanzia rpm 2,500 mpaka 6,500, rekodi. Angalia vitu viwili. Kwanza IAM, alama ambayo kontroli boksi inayapa mafuta yako: ikae 1.0. Ikishuka, kontroli boksi imeshaamua kwamba mafuta yako hayafai. Pili, marekebisho ya kugonga: digrii moja inayojitokeza mara moja ni kelele tu, ikiwa hasi tatu, tena sehemu ileile ya rpm kila ukirudia, achia pedali na usirudie kabla hujapata chanzo.

Mtyunaji asiyefunga mita ya mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi, mkimbie. Busti ikiwa imejaa, mchanganyiko ukae sehemu 11.0 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya mafuta. Ukiona 12.5 huku anakwambia "hii ndiyo nguvu", chukua funguo zako. Na zile chipu za kuchomeka chini ya usukani zina taa za kuwaka tu.

Kinachoua hizi gari ni boksi la hewa la wazi. Sensa ya hewa inahesabu kwa kipenyo cha bomba lake la asili. Weka bomba pana zaidi bila kutyuni, hewa inayoingia ni nyingi kuliko inayohesabiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu (mafuta machache), joto linapanda, na ukingo wa pistoni unaoshika ringi unavunjika. Boksi la asili na filta safi ya karatasi vinatosha nguvu zote utakazopata kwa turbo ya kiwandani.

Ukitaka chuma, basi ni dauni paipu (bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo) ya inchi 3 na tyuni siku hiyohiyo. Ukifunga paipu peke yake, turbo inapumua kirahisi, busti inapita lengo, na kontroli boksi inakata mafuta ghafla. Angalia pia inapotoka: matoleo ya Japan yana turbo ya njia mbili (twin-scroll, moshi unaingia kwa milango miwili), kwa hiyo ap-paipu (bomba la kupandisha moshi kwenye turbo) na manifoldi za Legacy GT ya Marekani hazikai.

Mlimani1800
Watu wa bara na watu wa pwani hapa hatuko sawa. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800, hewa yake ni kama bar 0.82. Gari linaloonyesha busti ya bar 1 kwenye geji lina jumla ya 1.82. Lishushe Mombasa, geji inasema bar 1 ileile lakini jumla ni 2.01. Kwa gari la asili si neno, kontroli boksi ina sensa za kupima yote mawili. Tatizo ni ile valvu ya busti ya kuzungusha kwa mkono: spring yake haijui Mtito Andei ni wapi. Imewekwa Nairobi hadi gari "likaamka", ikifika pwani na joto la digrii 32 na intakula (kipoza hewa ya turbo) inayokaa juu ya injini, injini inagonga. Mwenye kutyuni Nairobi amwambie fundi mapema kwamba gari litashuka pwani, aache nafasi kwenye taimingi.

Kwa anayeuliza kwa nini Wakenya tumeshikwa na Subaru hivi, dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza. Mengine mtajaza wenyewe.

Shokapu
Mnazungumzia kwenda, hamjazungumzia kusimama. Breki kwanza, na ni rahisi kuliko yote hapo juu.

Mwaga oili ya breki ya zamani, weka DOT 4 mpya, lita moja inatosha kusukuma magurudumu yote. DOT 4 kavu huchemka kuanzia digrii 230, iliyonyonya maji hushuka hadi 155. Teremka Kitonga au Mai Mahiu na oili ya miaka mitano uone pedali inavyozama. Pedi za daraja la juu ya asili, si za mashindano: zile zikiwa baridi hazishiki. Zilainishe kwa mikanyago 8 hadi 10 kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa bila kusimama kabisa, halafu endesha bila breki mpaka zipoe. Ukisimama na pedi za moto unaacha alama kwenye diski, usukani unatetemeka, na utaambiwa diski zimepinda.

Matairi: 215/45R17 ndiyo ya asili, 225/45R17 inaingia. Rimu zina matundu 5x100, zile 5x114.3 za Impreza STI kuanzia 2005 hazikai, usidanganyike na bei. Soma namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi, 3518 ni wiki ya 35 ya 2018. Na hili si mapambo: gari linavuta magurudumu yote, kwa hiyo matairi manne yawe ya chapa moja na kashata zinazolingana. Subaru inaruhusu tofauti ya mzingo wa kama milimita 6, sawa na milimita 1 tu ya kina cha kashata. Tairi moja la mtumba likizidi hapo, klachi za kati hazipumziki.

Kushusha gari, milimita 20 mwisho. Matuta yetu hayana kipimo. Bushi na linki mpya zinakupa zaidi.

B4_Kigamboni
Asanteni. Mbona hii haina ule mlio wa Subaru? Fundi anasema abadili manifoldi, na aweke blow-off (valvu ya kuachia hewa ya turbo ukiachia pedali) ya kutoa hewa nje.

KontroliBoksi
Mlio wa zamani ulitoka kwenye manifoldi yenye mabomba ya urefu usio sawa. BL5 ina mabomba sawa kwa ajili ya turbo ya njia mbili. Ukiweka ya zamani unapata mlio na turbo inayochelewa kuamka. Blow-off ya nje inatoa hewa ambayo sensa imeshaihesabu: mafuta yanazidi kila ukiachia pedali, ekzosi inalipuka, gari linazima ukifika kwenye taa. Kama valvu ya asili inavuja, nunua ya chuma inayorudisha hewa ndani.

PistoniNne
Na kabla hujainunua, hakikisha ni yenyewe inayovuja. Ziba mdomo wa turbo, ingiza hewa ya kompresa bar 1, pakaza maji ya sabuni kwenye mipira ya intakula. Mara nyingi ni klipu.