Wakuu, "all over the place" inatumikaje hasa?

Mleta mada:
Habari wakuu. Nimepeleka ripoti kazini bosi kairudisha na komenti moja tu, "your report is all over the place". Mimi nilikuwa najua ni "kila mahali", mwenzangu ananiambia hiyo sio sifa. Mwenye kujua anifafanulie, ni dharau au ni lugha ya kawaida, na mimi naweza kumwambia hivyo mtu aliyenizidi cheo?

Mdau 1:
Mkuu, msemo huo una maana mbili. Hiyo unayoijua ipo, there were papers all over the place, makaratasi yamezagaa kila kona. Ya bosi wako ni ya pili, kwamba kazi haina mpangilio, hoja hii haijaisha umeshadaka nyingine, msomaji hajui ashike lipi. Sio tusi ila ni kauli kavu, bosi anaweza kumwambia wa chini yake, wewe kwenda juu hapana, sema I found it a bit hard to follow.

Mdau 2:
Naongezea hapo, inatumika pia kwa kitu kisichotulia. My sleep is all over the place, leo umelala saa tatu kesho saa nane usiku. His passing was all over the place, mchezaji pasi zake leo hazieleweki. Na mtu akikwambia I'm all over the place today ujue kichwa chake hakijatulia, usimbebeshe mambo mengi.

Mdau 3:
Kisarufi iweke baada ya is, are, was, ukianza kusema an all over the place report utaeleweka ila inakwaruza masikio. Wamarekani wanapenda pia all over the map, Waingereza all over the shop, maana ileile. Usichanganye na hit and miss, hiyo ni ya ubora, mara kizuri mara kibovu.

Mleta mada:
Aisee nashukuruni sana. Sasa nikisema my notes are all over the place, mtu ataelewa ipi?

Mdau 1:
Inategemea mlikuwa mnaongelea nini mkuu. Kama unazitafuta ataelewa zimetapakaa, kama mnazisoma ataelewa hazina mpangilio.